Mikono Safi Kwanza

Katika mji ule hukuruhusiwa kumshitaki jirani yako kabla hujakaguliwa wewe. Ilikuwa kanuni ya idara ya kero za makazi, na wakubwa wa idara waliipa jina tamu kama la sabuni: Mikono Safi. Ukienda kulalamika kwamba mbuzi wa jirani wanalala dirishani kwako, au kwamba takataka zake zinakufuata mpaka mezani, mkaguzi anakuja, tena haraka, lakini anaanzia kwako. Anatazama paa lako, choo chako, uzio wako, na kile kibanda ulichokichomeka nyuma ya nyumba ukadhani hakuna anayekiona. Akikuta dosari, malalamiko yako yanawekwa kando na ukuta wako unapigwa X nyekundu. Usiporekebisha, wanarudi na mnyororo, wanafunga nyumba. Jirani anabaki anakuchungulia juu ya uzio, yeye na mbuzi wake.

Waliotunga kanuni hiyo walisema itakomesha fitina. Haki ya Mungu, iliikomesha. Ilikomesha na ukweli, vikafa pamoja na kuzikwa kaburi moja. Maana mtaani nani asiye na dosari? Kinyozi alikuwa amesogeza kibaraza chake mpaka mfereji ukapata kilema. Mama Mkaa alikuwa amepanga magunia uani kwake mpaka anayetaka kwenda chooni apite ubavu ubavu, na yeye mwenyewe, kwa mwili aliojaliwa, alikuwa anapita kwa kuomba radhi. Kila mmoja alivumilia uvundo wa mwenzake kwa kuogopa wake usije ukanuswa, na uoga huo wakaupa jina la ujirani mwema.

Fundi cherehani, ambaye kisa hiki ni chake, dosari yake ilikuwa chumba cha uani.

Alikijenga kwa masazo ya matofali na mabati chakavu, akakiegemeza kwenye ukuta wa mpaka, bila kibali wala ramani, baba yake alipokuja kukaa naye. Mzee alikuwa fundi saa. Watu walimwita Mzee Dakika, kwa sababu enzi za kazi yake kila mteja aliyeulizia saa yake alijibiwa "dakika moja tu," na inasemekana mmoja alikaa kwenye benchi akingoja mpaka akaota mvi. Macho yalipomkimbia alifunga kazi, akaja kwa binti yake na sanduku moja na ulimi uleule. Sebuleni alikataa kulala.

"Mwanamume mzima nilale sebuleni kama mgeni aliyeachwa na basi? Nipe kona yangu, nikikoroma nikorome kwa heshima."

Ndipo akajengewa kona. Mume wa fundi alikuwa ameshatangulia. Si mbele ya haki, ni kwa mwanamke wa mtaa wa pili. Kwa hiyo hapo nyumbani walikuwa wawili tu, baba na mwana, na cherehani ya kuwasemea pale wanapoishiwa maneno.

Sasa, ng'ambo ya ukuta ule kulikuwa na nyumba pekee ya ghorofa mtaani, na mwenyewe aliitwa hivyohivyo, Bwana Ghorofa. Alikuwa amechimba shimo la majitaka la kutosha familia moja, kisha akaweka wapangaji kila chumba, akaongeza orofa, akaweka wengine. Shimo halikuongezwa. Na shimo si mpangaji, haliwezi kuambiwa lisogee kidogo. Likijaa linatapika. Nyumba ya Ghorofa ilikuwa juu mlimani na ya fundi bondeni kwake, kwa hiyo matapishi yalipita chini ya msingi wa ukuta, yakajikusanya nyuma ya chumba cha mzee, na kupenya polepole mpaka kwenye miguu ya kitanda chake.

Mzee alilazwa mara mbili kwa tumbo. Mara ya pili daktari alimvuta fundi pembeni ya mlango wa wodi, akamwambia bila kupepesa, "Mwondoe kwenye maji hayo. Hii safari amepona kwa kudra. Nyingine hataiweza."

Njiani mzee akauliza, "Amekunong'oneza nini yule?"

"Amesema upumzike."

"Uongo unakukaa vibaya, kama suruali aliyoshona mumeo." Mzee akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Amesema nitakufa. Na mimi nimemsikia. Macho ndiyo yaliyokwenda, masikio bado yapo kazini."

Fundi hakucheka. Kutoka siku ile alikuwa na jambo moja tu rohoni: baba yake asilale tena juu ya majitaka. Basi. Mengine yote ya dunia yangengoja zamu yao.

Alianza kwa njia ya ustaarabu. Alikwenda kwa Bwana Ghorofa, akapokewa vizuri mno, akakalishwa, akapewa soda.

"Jirani yangu, nimekusikia," Bwana Ghorofa akasema, mkono kifuani. "Jambo lako nalifanyia kazi."

Alikuwa analifanyia kazi tangu mwaka juzi. Hakuwahi kutukana mtu, hakuwahi kupaza sauti, salamu yake ilikuwa ya kwanza kila asubuhi. Ukitaka kumchukia ilibidi ujikumbushe.

Waliobaki wa kumtisha walikuwa idara ya kero, na idara ilikuwa na kanuni yake nyingine: alalamike anayepakana. Bwana Ghorofa alipakana na barabara mbele, na viwanja vya serikali kushoto na nyuma, na serikali haijawahi kujilalamikia uvundo. Aliyebaki ni fundi. Na fundi alikuwa na chumba cha uani.

"Basi kibomolewe," akasema Mama Mkaa.

Walikuwa wamekaa uani kwa fundi saa za alasiri, yeye, Mama Mkaa, kinyozi, na wengine wawili watatu waliovutwa na chai. Mama Mkaa alikuwa jirani wa bondeni, upande wa pili. Maji yakishuka kwa fundi, kituo kinachofuata ni kwake.

"Kibomolewe, na baba alale wapi?"

"Sebuleni, mdogo wangu. Kwa muda tu. Mkaguzi aje akute uwanja mweupe kama sahani. Hana pa kukushika. Ataruka ukuta kwa Ghorofa, atakuta lile ziwa, atampiga X mpaka ya usoni. Mikono safi si ndiyo wanayoitaka? Tutawasafishia mpaka kucha."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," kinyozi akaunga mkono. "Kuku wako nitakaa nao mimi."

"Wewe na kuku? Utawanyoa."

"Mbao zako nitabeba mimi," akasema mwingine, na mwingine akaomba mapipa. Kila mtu alichukua dhambi moja ya fundi ili akaifiche kwake, kwa sababu kwake hakuna atakayekuja kukagua. Ilikuwa akili kubwa. Mtaa ule haukuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya kuzoa taka, na jioni ile walikubaliana kama waliozaliwa tumbo moja. Fundi alijikuta anafuta machozi kwa upindo wa kitenge.

Mzee Dakika, aliyekuwa amekaa mlangoni pa chumba chake, akainua uso juu. "Na aliye juu, mmemkumbuka?"

"Amina, mzee," wakaitikia wote, na kinyozi akavua kofia.

Mzee alikuwa anamzungumzia Bwana Ghorofa, ambaye alikuwa juu kwenye roshani yake, anakunywa kahawa, na kikohozi chake mzee alikwisha kukisikia. Lakini walikuwa wameshaanza kugawana mapipa.

Kesho yake walibomoa. Walibomoa kwa nyimbo, kwa vumbi, kwa nyundo zilizosikika mpaka sokoni, wakafagia mpaka ardhi ikaona haya. Mzee aliwekewa kiti chini ya kivuli cha ukuta wa jikoni, akasikiliza kona yake ikishuka bati kwa bati. Fundi alipita na matofali mikononi.

"Baba, ni kwa muda tu."

"Najua. Dakika moja tu," mzee akasema, na safari hii sauti haikuwa na mzaha ndani yake.

Sebuleni fundi alimshonea pazia zito, akamtengea kona nyuma yake, kitanda upande mmoja, cherehani upande wa pili. Kisha akapeleka malalamiko.

Mkaguzi alikuja wiki ileile. Mtaani walimwita Bwana Kero, mtu mrefu aliyeinama kidogo kama aliyezoea milango mifupi, viatu vyake vimekwisha kwa kukanyaga visivyokanyagika. Alizunguka uwanja wa fundi, akapima, akanusa, akainama, akarudi kuzunguka tena kwa kutoamini.

"Dada, hapa hapana kitu."

"Hapana, bwana mkaguzi."

"Hata kuku?"

"Hata unyoya."

"Miaka yote ya kazi hii, wewe ni wa kwanza." Alimwangalia kwa namna ya heshima yenye huzuni ndani yake. "Haya, tuvuke."

Wakavuka. Nyuma yao mtaa mzima ulikuwa umejipanga kwenye vibaraza, kimya, kama watu wanaongoja penalti ipigwe.

Bwana Ghorofa walimkuta ameketi uani kwake kwenye kiti cha kukunja, na kiti chenyewe kimewekwa juu ya mfuniko wa shimo. Mfuniko ulikuwa umepigwa deki. Pembeni palikuwa na meza ndogo na birika.

"Karibuni chai," akasema. "Jirani, umekonda. Kazi nyingi?"

Mfuniko ulipofunuliwa, ndani mlikuwa mtupu. Sauti ya Bwana Kero ilirudi juu kama kutoka kisimani. Gari la kunyonya majitaka lilikuwa limeitwa likaingilia barabara ya mbele, ambako macho ya waliokuwa wanafagia uani hayakufika. Chini ya ukuta udongo ulikuwa unyevunyevu tu, na juu yake umemwagwa mchanga mpya, mzuri, wa kujengea.

"Kero haikuonekana," Bwana Kero akasema. Alisema polepole, akimtazama fundi, kama anayempa nafasi ya kusema neno ambalo halikuwepo.

"Njoo tena baada ya wiki mbili, bwana mkaguzi. Litakuwa limejaa."

"Siwezi, dada. Aliyelalamika na kero isionekane, anahesabiwa mzushi. Ukuta huu hutaruhusiwa kuulalamikia mwaka mzima." Akashusha sauti. "Mngekuwa mmeniachia mimi, ningekuja kimya kimya. Lakini nyinyi mmefagia mpaka angani wamewaona."

Wiki mbili hazikufika. Maji yalirudi, na hapo fundi akafahamu kitu ambacho mtaa mzima, kwa akili zao zote zilizounganishwa, haukukifikiria: ule ukuta wa nyuma wa chumba cha uani, matofali ya masazo, ndio uliokuwa unayazuia yasishuke. Chumba cha mzee kilikuwa kimekaa pale kama mtu aliyeegemea mlango kwa mgongo wake. Walipokiondoa, maji yalipata barabara. Yalikatiza uwanja ulio mweupe kama sahani, yakapiga hodi mlango wa nyuma, hakuna aliyeitikia, yakaingia.

Fundi aliweka mchanga, akaweka magunia, akaweka vitambaa alivyokuwa ameletewa na wateja washonewe. Kila asubuhi alichota kwa kopo na kila jioni palikuwa palepale. Nyuma ya pazia, kitanda cha mzee kilisimama juu ya matofali kama mtu aliyepandisha suruali kuvuka mto. Uwanjani majirani hawakuonekana. Kinyozi alirudisha kuku kwa kuwarushia juu ya uzio. Siku ya tano mzee hakutaka uji. Siku ya sita alianza kushika tumbo, akisema ni kicheko kimemkaba.

Jioni hiyohiyo Bwana Ghorofa alibisha hodi, kwa mlango wa mbele, viatu mkononi.

"Jirani, nimesikia mzee hajisikii vizuri." Hakungoja kukaribishwa; alisimama tu pale, anatazama sakafu, na uso wake, ndilo jambo lililomuudhi fundi kuliko yote, ulikuwa na huruma ya kweli. "Chumba changu cha juu kabisa kimebaki wazi. Kikavu. Kina jua la asubuhi. Mpeleke."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mzee, na mimi nina baba."

"Na kodi?"

"Nani ametaja kodi? Mimi nataka ujirani tu." Akavaa kiatu kimoja, akaegemea fremu ya mlango avae cha pili. "Ujirani ni kitu kidogo, fundi. Mtu akikuuliza habari za mwenzio, unasema nzuri. Ukisema vingine, basi tena, kila mtu abebe mgonjwa wake."

Alisema kama anayezungumzia hali ya hewa. Fundi alielewa kila neno na yale ambayo hayakusemwa. Nyuma ya pazia baba yake akajikunja na kutoa sauti ambayo haikuwa mzaha kabisa.

"Nisaidie kumbeba," akasema.

Walimbeba wawili, Bwana Ghorofa mabegani na fundi miguuni, wakapanda ngazi, wakipishana na wapangaji waliobeba ndoo na watoto. Mzee, kichwa chini miguu juu, akauliza, "Huyu aliyenishika kwapa ni nani?"

"Mimi, mzee. Ghorofa."

"Ahaa. Basi sasa na mimi nitachangia lile shimo lako."

Bwana Ghorofa alicheka kwa moyo wote. Hata fundi alicheka kidogo, akaona aibu ngazi nzima iliyobaki.

Chumba kilikuwa kikavu kweli. Tumbo la mzee lilitulia polepole, akaanza kudai uji, halafu akaanza kuulalamikia, ndipo fundi akajua amepona. Daktari aliyeletwa kumtazama alipiga hatua dirishani, akaangalia chini kwenye ule uwanja uliojaa maji meusi, akasema, "Asirudi kule. Hata kwa siku moja." Fundi alilala bondeni na maji yake, akishona miguu juu ya kigoda, na kila asubuhi alipanda na chai.

Sasa maji, baada ya kumaliza kwa fundi, yaliendelea na safari yao. Yalifika kwa Mama Mkaa. Na ukimloweshea muuza mkaa mkaa wake, umemzika akiwa anatembea.

Mama Mkaa alikuja peke yake, akaketi juu ya meza ya kukatia nguo kwa sababu viti vilikuwa vinaelea.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini, "safari hii hakuna kelele. Nimeuliza idarani. Mimi sipakani na Ghorofa, napakana na wewe. Kwa hiyo nitakushitaki wewe."

"Mimi?"

"Tulia. Yanatoka kwako yanaingia kwangu, si uongo. Mkaguzi atakuuliza, maji haya yanatoka wapi? Sheria inasema mshitakiwa akitaja chanzo, mkaguzi anavuka kwenda kwenye chanzo siku hiyohiyo, maji yakiwa bado yanatembea. Wewe ukuta huo umekatazwa kuulalamikia. Lakini kuulizwa na kujibu hukukatazwa. Unanyoosha kidole tu. Asipotajwa mtu, mkaguzi haruhusiwi kuvuka ukuta, hata kama uvundo unamvuta pua."

"Na wewe mikono yako? Magunia?"

Mama Mkaa akatazama viganja vyake, vyeusi mpaka kwenye mistari. "Nayatoa kidogo kidogo, nayapeleka kwa shemeji yangu huko mbali. Wateja nimewaambia naumwa. Biashara imelala, lakini si ingelala tu kwa maji? Nimejenga nyumba yangu kwa mkaa, watoto wamesoma kwa mkaa. Sasa nauondoa mwenyewe kwa kichwa changu. Kwa hiyo usiniangushe, fundi. Ni sentensi moja tu."

"Sawa, dada," fundi akasema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Asubuhi ya ukaguzi alipanda na chai mapema. Mzee alikuwa amekaa kitandani, uso umeelekea dirishani, anajipasha kwa jua asiloliona.

"Mama Mkaa alipita hapa chini jana, nikamtambua kwa pumzi," akasema. "Anakuja yule wa kero?"

"Nani amekuambia?"

"Chai imekuja kabla ya saa yake. Mwanangu, sikiliza. Sema. Nyoosha kidole. Mimi nimekula chumvi nyingi, hata tumbo lenyewe limechoka nami."

"Ukitoka hapa utalala wapi, baba?"

"Sebuleni. Kama mgeni aliyeachwa na basi."

"Daktari amesema..."

"Daktari hanijui. Wewe sema. Yule mama amejivua nguo kwa ajili yenu nyote wawili."

Fundi aliweka kikombe mkononi mwa baba yake, akakaza vidole vyake juu yake mpaka alipohakikisha ameshika, akashuka.

Bwana Kero alikwisha maliza kwa Mama Mkaa. Uwanja wa Mama Mkaa ulikuwa umebaki udongo mtupu, na ukutani palionekana vivuli vyeusi vya magunia yaliyokuwepo miaka na miaka. Yeye mwenyewe alisimama ameoga, amejifunga kilemba, mikono ameiweka mbele kama mwanafunzi.

"Dada, tumekutana tena," Bwana Kero akasema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa fundi, maji yamemfika kifundo. Aliinua macho kwenye ukuta wa mpaka, ambako mkondo mweusi ulikuwa unatokea chini ya msingi mchana kweupe, ukibwabwaja, na kila mwenye macho aliuona. Kisha akayashusha haraka, kama mtu aliyechungulia bafuni. "Mlalamikaji mikono yake safi. Sasa nakuuliza wewe, kama mwenye uwanja. Maji haya yanatoka wapi?"

Fundi alitazama juu. Dirisha la juu kabisa lilikuwa wazi. Baba yake alikuwa amesogezwa karibu nalo, kikombe bado mkononi, na nyuma yake alisimama Bwana Ghorofa, anamvutia blanketi mabegani, taratibu, kama mtoto mwema wa mzee yule. Bwana Ghorofa alimpungia fundi mkono. Salamu ya asubuhi.

"Dada?"

Mama Mkaa alitikisa kichwa kidogo, kumhimiza. Haya, mdogo wangu. Sentensi moja.

"Yanatoka kwangu," fundi akasema.

Kinyozi, aliyekuwa anachungulia juu ya uzio, alipotea kama aliyevutwa miguu.

"Sikukusikia vizuri," Bwana Kero akasema. Alikuwa amesikia. "Rudia, tafadhali. Fikiri, halafu urudie."

"Choo changu kimepasuka. Ni maji yangu."

"Fundi!" Mama Mkaa akasema. Hakupiga kelele. "Fundi, wee. Mkaa wangu, fundi."

"Ni yangu, dada. Nisamehe. Ni yangu."

Bwana Kero akaenda kwenye mkoba wake, akatoa kopo la rangi na brashi. Alitafuta mahali pakavu kwenye ukuta, ikabidi apande juu ya kigoda cha kushonea. Alipiga X yake vizuri, bila haraka, mstari wa kwanza halafu wa pili. Alitoa siku za kurekebisha, akaeleza habari ya mnyororo, akasema pole, na neno hilo la mwisho halikuwa kwenye kanuni.

Mama Mkaa alitema mate majini, akageuka, akaondoka kwenda uwanja wake mtupu. Kilemba kilikuwa kimemlegea, hakukifunga tena.

Fundi alipanda ngazi. Bwana Ghorofa alipishana naye orofa ya kati, akamgusa bega, akasema, "Asante, jirani. Nitakuletea magunia ya mchanga," akashuka akipiga mluzi. Chumbani mzee alikuwa palepale dirishani. Chai ilikuwa imepoa na hajaigusa.

"Nimesikia watu wanazungumza," akasema, "lakini upepo umenilia maneno. Umesemaje?"

Masikio ya mzee yule hayakuwahi kuliwa na upepo. Fundi alilijua hilo.

"Nimesema ni yangu."

Alingoja. Alingoja mzaha, hata wa kumuumiza, hata ule wa suruali. Mzee aligeuza uso ukutani, akavuta blanketi lile lile mpaka sikioni, akajilaza. Chumba cha jirani mtu alimwaga maji chooni, na kwenye bomba lililopita ndani ya ukuta, karibu na mto wa mzee, yakasikika yakishuka, orofa kwa orofa, mpaka chini.